Kabla ya Rangi, Tafuta Maji

Haya jamani, kaeni, tuanze. Wanaonijua wanajua naanzia wapi. Ukuta. Kila nikiitwa kuongea na watu wanaotaka kuuza nyumba hapa Dar, swali la kwanza ni "tupake rangi gani?", na mimi narudia hilohilo, kabla hujaenda duka la rangi niambie kwanza maji yanatoka wapi.

Kuna nyumba moja Kimara, vyumba vitatu, tailizi safi, jipsamu juu, nilipewa mimi niiuze. Mwenye nyumba alikuwa na haraka, ada ya mtoto. Nikamwambia mama, huu ukuta wa sebuleni una chumvi, ona hapa chini ulivyovimba. Akasema fundi ameshakuja, anapiga puti na rangi ya mafuta, siku mbili kazi imeisha. Na kweli ilipendeza, tukapiga picha, simu zikaanza kuingia. Mwezi wa nne huo, masika imeshika, akaja mteja na mkewe, yule dada hata jikoni hakuingia, alienda moja kwa moja nyuma ya kochi akabonyeza ukuta kwa kidole gumba, kipande kizima cha rangi kikabaki mkononi. Hakusema kitu, alimwangalia tu mumewe. Basi kuanzia hapo wakashuku kila kitu, paa, waringi, shimo la choo, mpaka hati! Nyumba ikakaa miezi saba, na bei iliyouzwa yule mama aliipokea analia. Mpaka leo inaniuma, maana ningeweza kukataa kuitangaza.

Sikilizeni, chumvi sio uchafu. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali, yanabeba chumvi, yakifika kwenye uso wa ukuta yanakauka, chumvi inabaki inasukuma rangi. Sasa wewe ukiziba na rangi ya mafuta maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi. Kwa hiyo toa ule udongo uliorundikana nje mpaka ukapita usawa wa sakafu, angalia bomba linalovuja, peleka maji ya paa mbali na msingi, ndio ubandue plasta iliyooza. Uache ukauke, wiki kadhaa sio siku mbili, chumvi uipige brashi kavu, usiioshe kwa maji maana unairudisha ndani!

Najua kuna mtu anasema moyoni, si atarekebisha mwenyewe akishanunua? Sawa, basi mwambie. Mwonyeshe ukuta ulivyo, mpunguziane bei mkiangaliana machoni. Ninachokataa ni kuficha, yule anaweka akiba yake ya miaka mingi pale.

Naonyeshwa saa. Haya, mengine haraka: punguza makochi, badilisha balbu zilizoungua, fyeka majani getini, choo kisinuke. Usivunje jiko kujenga jipya, hela haitarudi. Kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme tangu 2021, hakikisha mita haina deni. Na nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzako, Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi, kaeni mkubaliane kabla hujaita dalali. Hilo la hati nilitaka kuliongelea kwa kirefu, basi siku nyingine.

Baba wa shati la kijani, nimeuona mkono tangu mwanzo. Ukuta wa bafuni, sio? Upande wa pili kuna nini, bomba au shimo?