Mkono Upi? Bili ya Kihisi cha Sukari Kinachokaa Chini ya Ngozi

Assalaamu alaykum, hamjambo nyote. Sogeeni mbele kidogo, feni hizi za Tononoka zina kelele kunishinda.

Wengi wenu mnafungua laptopu saa tisa alasiri, kliniki za New York zinapofungua milango saa mbili asubuhi yao, mkaandika madai ya bima ya watu msiowajua. Nami nakula mkate huohuo. Kwa hiyo leo nitasema hasa juu ya misimbo mitatu, yaani zile alama za tarakimu na herufi zinazoiambia bima daktari amefanya kazi gani. Nasema misimbo kwa sababu nikisema kodi, kwa kuiga code ya Kiingereza, kuna mtu hapa ataikumbuka nyumba yake ya Kisauni.

Vihisi mnavyovijua, vya kumpimia mwenye kisukari sukari yake, hubandikwa ngozini, na mgonjwa hujibandikia mwenyewe nyumbani. Hiki cha leo, Eversense, ni kifimbo cha milimita 18 hivi. Daktari humtia mgonjwa ganzi, humpasua kidogo mkono juu ya kiwiko, akatengeneza kijifuko chini ya ngozi na kukilaza humo. Juu ya ngozi hubandikwa transmita inayopeleka vipimo kwenye simu. Marekani iliidhinisha cha kwanza mwaka 2018, cha siku 90. Mwaka 2022 kikaja cha siku 180, na 2024 cha mwaka mzima. Basi hapa pana kazi ya mkono wa daktari, na kazi hiyo ndiyo tunayoiandikia bili.

Kuingiza ni 0446T. Kutoa ni 0447T. Kutoa cha zamani na kuingiza kipya mahali pengine mwilini ni 0448T. Ile T huwekwa kwenye misimbo ya muda, ya teknolojia ambayo bado inafuatiliwa.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mimi nilipojikwaa. Dai langu la kwanza, daktari alikuwa ametoa kihisi mkono wa kushoto akaweka kipya wa kulia. Nikaona kazi mbili, nikaandika 0447T na 0446T. Likarudi. Nikalituma tena vilevile, kwa ukaidi, likarudi tena! Fundi ukimwita abadilishe kitasa, hakutozi kung'oa kando na kutia kando. Ana bei moja ya kubadilisha. Ndiyo 0448T.

Lakini fundi wenu hubadilisha kitasa kwenye mlango uleule. Msimbo huu unataka mlango mwingine. Kwa hiyo andiko la daktari lisiposema kilitoka mkono upi na kikaingia upi, msikisie. Mwandikieni mumuulize. Atanuna, na anune. Sahihi ni yake, lakini dai likirudi mtaulizwa nyinyi.

Jingine. 0446T imeshabeba ndani yake kuwasha mitambo na kumfundisha mgonjwa. Nimewaona vijana wakitafuta msimbo wa yale mafunzo ili bili inenepe. Hapana. Na 95251, ya daktari kusoma vipimo na kuvitolea maelezo, inataka vipimo vya saa 72 kwa uchache. Kihisi kimeingia leo asubuhi, hizo saa 72 zimetoka wapi?

Upande wa misimbo ya ugonjwa wenyewe sitakaa sana. Aina ya kwanza ya kisukari huanza na E10, ya pili E11. Mwenye E11 anayejidunga insulini siku zote huongezewa Z79.4. Mwenye E10 haongezewi, kwani ugonjwa wenyewe hauendi bila insulini. Wale mliozoea 5A10 na 5A11 mmesoma toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022. Marekani bado wako kwenye toleo lao la 10, kwa hiyo msichanganye.

Na siku mziangalie. Kihisi cha siku 180 kikitolewa siku ya 60, bima itataka sababu, na sababu hiyo inatoka kwenye andiko la daktari, haitoki kichwani mwenu.

Haya, geuzeni karatasi. Kuna andiko fupi la daktari, mgonjwa nimemzua mwenyewe. Andikeni msimbo wake, au kama mnaona kuna neno limekosekana, andikeni swali mtakalomuuliza daktari. Dakika tano, nami napita katikati yenu.