ADAT: Mashine Iliyoandika Muziki kwenye Kanda ya Video

REHEMA: Kaka Bakari, leo tunazungumzia ADAT, mashine ya kurekodi muziki kidijitali ya kampuni ya Alesis, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1991 na kuanza kuuzwa mwaka 1992 kwa dola 3,995. Kwa nini wahandisi walichagua kanda ya S-VHS, ambayo watu waliijua kama kanda ya video?

BAKARI: Kwa sababu ya wingi wa data, dada Rehema. Traki nane, yaani njia nane za kurekodi sauti kila moja peke yake, zenye sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kila sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 16, ni zaidi ya biti milioni sita kwa sekunde. Deki ya video ina vichwa vinavyozunguka kwa kasi na kuandika mistari ya mshazari, kwa hiyo huhifadhi mengi hata kama utepe wenyewe unakwenda polepole. Hata hivyo, ADAT iliuendesha utepe kwa kasi mara tatu ya kawaida, ndiyo maana kanda ya dakika 120 ilitoa takriban dakika 40 za muziki.

REHEMA: Traki nane ni chache kwa bendi kubwa.

BAKARI: Hapo ndipo ninapoipenda mno. Kanda iliandaliwa kwanza kwa kuwekewa alama za muda, na mashine zilizounganishwa kwa kebo zilifuatana hadi kiwango cha sampuli moja. Ungeweza kuunganisha mashine 16 ukapata traki 128, lakini studio ndogo ilianza na moja, ikarekodi, ikaingiza fedha, kisha ikanunua ya pili.

REHEMA: Na kanda hizo leo?

BAKARI: Zinanitia wasiwasi wa kweli. Utepe wa analogi, ulioandika wimbi la sauti lenyewe badala ya namba, ukichakaa, sauti hufifia kidogo kidogo na sikio hupata onyo. Wa kidijitali hurekebisha makosa yake kimyakimya, ukasikika safi kabisa, mpaka siku makosa yanapozidi uwezo wa kurekebishwa; hapo sauti hukwaruza au hukatika. Niliwahi kupoteza ubeti mzima wa mwimbaji namna hiyo, na bado unaniuma.

REHEMA: Mwenye kanda aanzie wapi?

BAKARI: Ampate fundi wa kusafisha vichwa na kukagua sehemu za mpira ndani ya mashine kabla kanda haijaingizwa. Kisha ahamishe kwa kebo ya mwanga, inayopitisha chaneli zote nane kwa pamoja bila kuigeuza sauti kuwa analogi. Tundu lake bado lipo kwenye vifaa vingi vya kurekodia vya leo.

REHEMA: Na wimbo uliogawanywa katika kanda mbili?

BAKARI: Atafute mashine mbili, azifunge pamoja kama zilivyofungwa siku ya kurekodi, na kanda zote mbili ziingie kwenye kompyuta kwa mkupuo mmoja, ili ngoma zilizo kwenye ya kwanza na sauti zilizo kwenye ya pili zisiachane.