Mji Bila Mabango

Asanteni, tukae. Nianze na methali mliyoisikia tangu utotoni: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bibi yangu aliitumia kuwakemea wasichana waliopenda kupitapita barazani jioni. Mimi leo naipeleka sokoni, kwenye swali lililotukutanisha: je, jamii inaweza kuishi bila matangazo? Naipeleka huko maana nina shaka nayo.

Muuza kahawa wa Mji Mkongwe ana kitu kizuri: kahawa chungu, moto, imo deleni juu ya makaa. Mbona haketi akangoja? Anagonganisha vikombe viwili vidogo kiganjani, ka-ka-ka, nawe uliye chumbani unajua yuko kichochoro gani. Hilo ni tangazo, na kizuri nacho kinajitembeza. (Kicheko.) Basi anayetaka jamii isiyo na matangazo asianze na huyu. Sauti yake haivuki mtaa, na kahawa ikiwa mbovu mwenyewe yuko mbele yako, unamrudishia kikombe chake.

Bango je? Linamsemea mtu ambaye hayupo, na limelipiwa ili usipate pa kulikwepa.

Wako waliojaribu kuling'oa. Mwaka 2006 jiji la São Paulo, Brazil, lenye watu zaidi ya milioni 10, lilipitisha sheria iliyoitwa Cidade Limpa, yaani Mji Safi. Meya alikuwa Gilberto Kassab. Ilipoanza kazi Januari 2007 haikugusa mabango tu. Ilikataza vipeperushi, na matangazo ya ubavuni mwa mabasi na teksi. Hata jina la duka lilipimwa: ukiwa na duka ambalo upana wake wa mbele haufiki mita 10, kibao chako kisizidi mita za mraba 1.5. Tazameni picha za siku zile. Fremu za chuma zimesimama juu ya majengo kama vitanda vilivyonyang'anywa magodoro. Na nyuma yake? Kuta zilizobanduka rangi, madirisha, mitaa ya mabanda ambayo mwenye gari alikuwa akiipita kila siku asiione. Mimi hapo ndipo ninaposimama. Bango linauza sabuni, sawa, lakini pia ni pazia. Siku mkitoka uwanja wa ndege kwenda mjini, wowote wa kwetu, hesabuni mabango, kisha chungulieni nyuma.

Wenye biashara walilalamika sana. Wapiga kura wakamrudisha Kassab mwaka 2008.

Sasa niwatibulie kidogo. Mwenye jina kubwa hana shida tukifuta matangazo. Anayeumia ni mgeni sokoni. Marekani ilipoyaondoa matangazo ya sigara redioni na kwenye televisheni, Januari 1971, kampuni kubwa hazikufa. Zilibaki na fedha ambazo zingekwenda kwenye matangazo, na chapa mpya ikakosa pa kubisha hodi.

São Paulo yenyewe haikushika msimamo hadi mwisho. Miaka michache baadaye matangazo yalirudi kwenye vibanda vya vituo vya basi na saa za barabarani, kwa mkataba: kampuni inajenga kibanda na kukitunza, nayo inapewa sehemu yake ya kutangazia. Msiwacheke. Kituo kinataka bati, benchi na taa, na mvua haingoji bajeti ya manispaa. Je, ninyi mngelipa nauli zaidi ili ukuta ule ubaki mtupu?

Mzee uliyenyoosha mkono pale nyuma, karibu.