Kupima kipindupindu kwa antisera kwenye slaidi, hatua kwa hatua

Mambo vipi wadau wa maabara, leo tupo Mwanza, na nyie mnajua huku mialoni watu wakianza kuharisha maji kama ya mchele sampuli zinamiminika, kwa hiyo twende moja kwa moja kwenye kazi.

Kwanza vaa koti na glovu. Toa antisera kwenye friji, inakaa nyuzi 2 mpaka 8, na tafadhali usiigandishe friza ukidhani ndo itadumu. Humu ndani kuna kingamwili, nyingi zinatoka kwa sungura aliyechomwa bakteria waliouawa, na zinamtambua Vibrio cholerae, yaani bakteria wa kipindupindu, kwa ganda lake la nje. Iache mezani kidogo ubaridi uishe.

Haya, sahani hii ya kijani ni TCBS, agari ya kuoteshea bakteria wa kipindupindu, mnaona koloni za njano, yale madoa ya bakteria walioota? Bakteria anakula sukari iliyomo anatoa asidi, ndo maana agari inabadilika. Sasa hapa ndo wengi wanaharibu, wanachota hapo hapo wanapima. Usifanye hivyo jamani! Koloni za TCBS zinanata, hazitawanyiki vizuri, utapata majibu ya ajabu. Pandikiza kwanza kwenye nutrient agari, ile ya kawaida, ilaze inkubeta nyuzi 37 hadi kesho, ndo uje tuendelee. Hata kipimo cha oksidesi kifanyie kwenye hiyo hiyo.

Chukua slaidi safi, igawe mara mbili kwa maka peni. Weka tone la salaini kila upande, chota koloni kidogo kwa lupu, koroga pande zote mbili mpaka iwe nyeupe laini isiwe na mabonge. Halafu tone la antisera ya O1, moja ya makundi ya Vibrio cholerae, weka upande mmoja tu, ule mwingine ni kontroo, wa kulinganishia, usiuruke hata kama foleni ya sampuli imefika mlangoni. Koroga, inamisha slaidi mbele na nyuma, itazame juu ya kitu cheusi taa ikimulika.

Ona! Ndani ya sekunde 30 hivi upande wa antisera umekatika kama maziwa yaliyoharibika, kontroo imebaki laini. Hiyo ni pozitivu. Ila zikigandana pande zote usiandike pozitivu, hao wanagandana wenyewe na jibu halisomeki. Na ukikaa unaitazama zaidi ya dakika itakauka, itakudanganya.

Pozitivu ya O1 unarudia na antisera ya Ogawa, kisha Inaba, hizo ni aina ndogo za O1, unaandika ile iliyogandana haraka na kwa nguvu. O1 ikigoma jaribu O139, kundi lingine, hiyo iliibuka India mwaka 1992.

Ukimaliza slaidi na lupu za plastiki zote kwenye ndoo ya jiki, sahani ziende otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, nawa mikono, halafu mpigie mganga mkuu simu siku hiyo hiyo, usisubiri ripoti ya mwisho wa wiki.