Chama cha Kuzikana Kilichozaa Benki

Rehema: Karibuni tena kipindini. Baraka, kabla hujafungua mdomo, leo nakupiga marufuku kitu kimoja: haba na haba.

Baraka: Umenimaliza, dada. Maana leo nina habari ya chama cha kuzikana kilichozaa benki.

Rehema: Wapi huko?

Baraka: Richmond, Virginia, kule Marekani. Maggie Lena Walker. Mama yake alitoka utumwani akawa dobi, na Maggie ndiye aliyekuwa akizibeba nguo za wazungu. Ukubwani alisema hakuzaliwa na kijiko cha fedha mdomoni, ila na kapu la nguo za kufua kichwani.

Rehema: Eeh! Na chama?

Baraka: Kikiitwa Independent Order of St. Luke. Mnachanga, mwenzenu akiugua mnamwangalia, akifa mnamzika. Unavijua.

Rehema: Navijua sana. Mimi nimo kwenye viwili.

Baraka: Basi mwaka 1899 wakampa ukatibu mkuu. Kufungua hazina, akakuta dola 31 na senti 61. Madeni, dola 400.

Rehema: Ningerudisha funguo siku ileile.

Baraka: Yeye akazunguka kuandikisha wanachama. 1902 akaanzisha gazeti la chama. Novemba 1903 akafungua benki, St. Luke Penny Savings Bank, akawa mwanamke mweusi wa kwanza nchini mwao kuanzisha benki na kuiongoza.

Rehema: Ngoja, hapo usipite haraka. Watu wale walikuwa wameshaumwa na nyoka. Ile Freedman's Bank, iliyoundwa 1865 kwa ajili ya walioachiwa huru, ilianguka 1874. Zaidi ya watu 60,000 walikuwa na akiba mle, karibu dola milioni 3. Anatokea mtu tena anasema leteni?

Baraka: Kumbuka hakuwa mgeni. Ndiye aliyewazikia wazazi wao na kulipa kwa wakati.

Rehema: Hilo nalikubali. Kikoba chetu cha kwanza mweka hazina alihama mkoa, akahama na daftari. Mpaka leo mtu akitaja hisa, mama yangu anaangalia mlango.

Baraka: (*anacheka*) Siku ya kufungua, yupo aliyeweka senti 31. Wakampokea. Watoto wakagawiwa vibubu, kikifika dola moja mtoto anakuja kufungua akaunti. Na wateja wengi walikuwa akina mama wa kufua, kama mama yake.

Rehema: Na zile fedha zilikwenda wapi? Mimi nataka kujua zilikofanya kazi.

Baraka: Nyumba. Kufikia 1920 benki ilikuwa imewawezesha watu kununua nyumba kama 600. Ukiwa na nyumba hufukuzwi na mwenye nyumba, na mtoto anarithi kitu.

Rehema: Sasa nikuchokoze. Mwaka 2019 bilionea Robert F. Smith alikwenda mahafali ya Morehouse College, Atlanta, akatangaza atawalipia wahitimu madeni yote ya masomo. Vijana karibu 400, dola milioni 34. Hiyo si njia ya mkato?

Baraka: Ni zawadi kubwa, sitaidharau. Ila aliyehitimu 2018 alikuwa ameketi nyumbani anatazama kwenye simu.

Rehema: Unamwonea. Mwenye deni hangojei uanzishe benki.

Baraka: Haya, nimekusikia. Na hata Walker hakushinda kila mahali. 1905 chama kilifungua duka kubwa, St. Luke Emporium, wauzaji wake wanawake weusi. Wafanyabiashara wazungu wakawabana waliokuwa wakiliuzia mzigo. Halikutimiza miaka 10.

Rehema: Na benki?

Baraka: Mdororo mkuu wa uchumi ulipokuja, akaiunganisha na benki nyingine za weusi pale Richmond, akabaki mwenyekiti wa bodi. Alifariki 1934, benki ikiwa wazi.

Rehema: Hapo ndipo tunapopigwa chenga. Sisi kila Desemba tunavunja kikoba. Kila mmoja anaondoka na gawio, mchele na kitenge. Januari tunaanza na sifuri.

Baraka: Pendekezeni msivunje. Robo tu ibaki.

Rehema: Nitalipeleka Jumapili. Watapiga kelele, kitenge kimeshachaguliwa.

Baraka: Na mweka hazina wa sasa?

Rehema: Ni mtu mzuri sana. Daftari linalala kwangu.