Elizabeth Ryan na ufundi wa kucheza wawili

Ndugu zangu, habarini za jioni. Wengi mmekuja mkitarajia Suzanne Lenglen, bingwa wa tenisi wa Ufaransa, na jina lake litaingia tu, hakuna namna ya kulikwepa. Lakini mimi nataka tumtazame aliyesimama upande wake wa uwanja: Elizabeth Ryan, Mmarekani wa California, aliyezaliwa mwaka 1892.

Alitwaa mataji 19 ya Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza: 12 ya wanawake wawili wawili na 7 ya mchanganyiko, yaani mwanamke na mwanamume. La kwanza lilikuwa 1914, la mwisho 1934, akiwa na miaka 42. Rekodi hiyo ilidumu hadi 7 Julai 1979, Mmarekani mwenzake Billie Jean King alipofikisha 20. Ryan alikuwa amefariki jana yake tu, baada ya kuanguka palepale Wimbledon. Taji la mmoja mmoja pale hakulipata. Alifika fainali 1921 na 1930, akafungwa zote. Ndiyo maana wapo wanaomhesabu kama msindikizaji. Mimi sikubaliani nao.

Alikuwa akiukata mpira kwa chini, ukidunda haupandi. Mpinzani anainama, anaunyanyua, na Ryan keshafika kwenye wavu, anaumalizia hewani. Ukiwa peke yako, mbinu hiyo inaacha uwanja mtupu nyuma yako. Mkiwa wawili, pengo hilo lina mwenyewe.

Akiwa na Lenglen walichukua kombe mara 6, kuanzia 1919 hadi 1923, kisha 1925, na hawakuwahi kufungwa Wimbledon. Mtaniuliza: nani angefungwa akiwa na Lenglen? Jibu lilikuja 1926. Wakuu wa tenisi wa Ufaransa walitaka Lenglen acheze na Mfaransa mwenzake, Julie Vlasto. Ryan akamchukua Mary Browne, na ratiba ikawakutanisha mapema. Wafaransa wakashinda seti ya kwanza 6-3. Katika ya pili walibakiza pointi moja tu wamalize mechi, ikawaponyoka; Ryan na Browne wakaichukua 9-7, na ya tatu 6-2. Wakaendelea hadi kombe.

Agatha Morton, Lenglen, Browne, Helen Wills, Simonne Mathieu: hao ndio aliochukua nao yale mataji 12 ya wanawake wawili wawili. Wills alikuwa mtu wa kupiga kutoka nyuma, Lenglen alienea kila mahali. Ryan alicheza na wote, wakashinda.

Karibuni maswali.