Dalali, rudi kwenye ile nyumba mvua ikinyesha

Wa kule nyuma mnanisikia? Haya poa. Nimeambiwa niongelee kumfanyia mnunuzi wa nyumba zaidi ya kile anachotegemea, na najua wengi hapa mnawaza zawadi siku ya kukabidhi funguo, maua, kadi, picha ya pamoja mlangoni. Peleka tu, sio mbaya, ila hiyo ni kazi ya dakika 10, mi naongelea kitu kingine.

Mteja ukimpeleka kuona nyumba anaiona mara moja, tena mchana, jua linawaka, muuzaji kashafagia kafungua madirisha yote na taa kawasha. Anazunguka robo saa, akitoka hapo kichwani tayari kashapanga makochi. Sasa wewe rudi. Rudi peke yako usiku usikie jirani muziki wake ukoje, rudi asubuhi watu wanapowahi kazini ujue kutoka pale mpaka barabara kubwa ni dakika ngapi, na mvua ikinyesha ndo usikose kabisa, maana mvua haimwonei muuzaji aibu.

Kuna nyumba moja, mama mteja wangu aliipenda mpaka akaanza kusema "kwangu". Nikarudi siku ya pili ya mvua. Chumba cha nyuma kina rangi mpya, lakini kona moja tu, kwingine kote ya zamani. Nikaweka kiganja, ukuta baridi, nikasogeza kabati, nyuma yake rangi imevimba malengelenge, ukibonyeza inabonyea. Nje gata, ule mfereji wa maji ya mvua pembeni ya paa, imejaa majani, maji yanafurika yanashuka na ukuta. Nikampigia. Akakasirika, na sio muuzaji aliyemkasirikia, mimi! Eti namharibia. Siku 2 hapokei simu, na mi nisiwadanganye, nilikuwa nimeshaihesabu ile kamisheni, mwezi ule sikuwa na dili lingine.

Baadaye akanitafuta mwenyewe, tukaleta fundi, akaandika makadirio, tukaenda nayo kwa muuzaji, bei ikashuka, akanunua nyumba ile ile.

Hapo mtu anajiuliza, bei ikishuka si na changu kinashuka? Haya tupige hesabu. Sema nyumba ni 100 na wewe unachukua asilimia 3. Ikiuzwa 95 unapata 2.85. Mteja kaokoa 5, wewe umepoteza 0.15. Kwa hiyo ukiona dalali anasita kumpigania mnunuzi mara nyingi sio hela hiyo, ni uoga dili lisife. Na kama anayekulipa ni muuzaji, mwambie mnunuzi mapema, kabla hajakufungulia roho akakutajia mwisho wake ni ngapi.

Mambo ya hati sikai sana, mnayajua: jina la kwenye hati na kitambulisho cha anayeuza vifanane, ulizia kwa msajili wa hati kama nyumba ina rehani au zuio la kuuzwa, na kama ana mke au mume mwenzake anajua kinachoendelea? Utasema hiyo kazi ya mwanasheria, sawa, ila mara nyingi mwanasheria anaitwa mteja kashatoa advansi.

Halafu tembea na futi kamba jamani. Pima mlango, pima kona ya ngazi, kabla mteja hajakuta kitanda chake hakipiti kimebaki nje. Fungua bomba la jikoni na bafuni kwa pamoja, flashi choo hapo hapo, uone presha inabaki ngapi. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta usikutishe, lakini ule unaopanda kama ngazi kufuata matofali na juu umepanuka zaidi ya chini, usijifanye mtaalamu, mwambie mteja alete injinia wake, na awe wake kweli, sio yule muuzaji aliyempendekeza.

Yule mama mvua kubwa ikinyesha huwa ananitumia picha ya ile kona. Haandiki chochote, picha tu. Mpaka sasa kavu.

Haya, dada pale mbele nilikuona umenyoosha mkono muda mrefu, uliza.